Dawa ya Mghoi Ipite Wapi?

Hapo zamani, katika nchi ya vilima, palikuwa na njiapanda, na hapo njiapandani alikaa mwanamke aitwaye Wakio. Mizigo ya watu wote ilipita mikononi mwake. Hakuibeba, aliielekeza. Kila asubuhi wenye njia, yaani wapagazi walioshika kila mmoja njia yake, walikuja kumwambia njia zao zimeamkaje, naye akayashika yote kichwani: ipi fupi, ipi ina utelezi, ipi imezibwa na mti.

Siku moja Mghoi, aliyeishi ng'ambo ya vilima, akaumwa na nyoka, swila mwenye sumu kali. Mumewe akapiga mbiu: "Atakayefanya dawa imfikie mke wangu angali hai, nitampa mtamba wa ng'ombe!"

Dawa ikaja mbio kutoka kwa mganga, ndani ya kibuyu, hadi kwa Wakio. Wenye njia watatu walikuwa wamesimama pale.

Mwaluda akawahi, kama kawaida yake. "Nipe mimi! Njia yangu ya msituni ni fupi kuliko zote!"

"Umeipita leo?"

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mtu… aliyeambiwa."

Wakio akamwacha. Akamnyooshea kibuyu Mkawasi, maana njia yake ya bondeni ndiyo iliyotumika siku zote, tena huishia mlangoni kwa Mghoi.

Mkawasi akaficha mikono nyuma. "Usinipe, dada. Nimetoka huko sasa hivi. Daraja limesombwa."

Mwaluda akaangua kicheko. "We Mkawasi! Si ungenyamaza tu? Mtamba huyo unamfukuza!"

"Na Mghoi je, atakunywa ukimya wangu?"

Wakio hakulia, hakuitisha kikao. Papo hapo akamgeukia Mwachofi, mwenye njia ya juu kilimani, ile ndefu ambayo watu waliicheka wakiiita mzunguko wa kobe.

"Umeipita leo?"

"Nimeipita. Ndefu, lakini nzima."

"Shika."

Mwachofi akakimbia. Miiba ikamchana, jua likamchoma, na kibuyu hakikumwaga hata tone. Mghoi akanywa, akapona.

Ndipo ugomvi ukaanza.

"Miguu ni yangu," akasema Mwachofi. "Dawa haikuruka kama ndege."

"Ningenyamaza," akasema Mkawasi, "dawa ingekuwa inasubiri ukingoni mwa mto, nawe ungekuwa umekaa."

"Mlisema, ni kweli," akasema Wakio. "Hata Mwaluda alisema, tena kwa sauti kubwa kuwashinda. Nani alijua wa kumsikiliza?"

Watu wakapiga kelele: "Mpeni Mwachofi! Jasho lake tumeliona!"

Jamani! Yaani jasho la kichwa si jasho? Na ukweli unaomgharimu msemaji wake, huo hauna uzito? Lakini haya, na miguu ile nayo tuifanye si kitu?

Mtamba ni mmoja, na hagawanyiki akiwa hai. Mghoi, aliyeachiwa na mumewe aamue, ameshika kamba ya mtamba, anawatazama Mwachofi, Mkawasi na Wakio. Msiniambie "wote", hilo ni jibu la mtu anayelikimbia swali.

Je, kamba ile amkabidhi nani?