Kidari na Kiti cha Tano

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kwa uvivu, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya sasa. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakaa baraza na kusikilizana, palikuwa na kichaka kikubwa cha miiba. Humo walikaa kanga, wale ndege wa madoadoa. Ng'ambo ya kijito walikaa nguchiro. Na nguchiro mnamjua, hapendi kitu duniani kama anavyopenda yai.

Mambo ya kichaka yaliamuliwa na baraza la viti tisa. Kanga walikuwa wengi, wakapewa viti vitano. Nguchiro wakapewa vinne. Likiletwa jambo, anayekubali husimama juani, anayekataa hubaki kivulini. Wakilingana, jambo hutupwa. Na mjumbe akifukuzwa na wenzake, kiti chake hukaa kitupu mpaka masika.

Hesabu hiyo ishikeni vizuri, maana wakubwa wa kanga ilikuja kuwashinda.

Katika kanga hao alikuwepo Bi Sikitu. Mwaka wa kwanza alitaga, mvua ikachukua mayai yote. Mwaka wa pili akataga, moto ukapita. Mwaka wa tatu akataga mayai kumi na manne ndani kabisa ya miiba, akayaatamia, akasema, "Safari hii nitatotoa, hata dunia ikipinduka."

Basi baraza likakaa mara ya kwanza. Nguchiro Mkuu akasema, "Ule uwanja wa kanga wa kuogea vumbi, tunautaka sisi."

Nguchiro wanne wakaenda juani. Kanga wanne wakabaki kivulini. Kanga wa tano, jina lake Kidari, akajikung'uta mbawa, akaenda juani taratibu, akajifanya anaota jua tu.

Watano kwa wanne. Uwanja ukaenda.

Bi Sikitu akamwendea Mzee Kishungi, mwenyekiti wa kanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu."

"Kidari ametuuza."

"Tumeona. Tutamwita tumwonye."

"Na asipoonyeka?"

"Binti yangu, barazani tuko wangapi?"

"Watano, mzee."

"Basi! Watano! Tumetimia!"

Na wakubwa wote nyuma yake wakaitikia, "Watano! Tumetimia!"

Kidari akaitwa, akaonywa. Akainamisha kichwa, akasema, "Nimesikia, wazee wangu." Jioni hiyohiyo alionekana ng'ambo ya kijito anakula kumbikumbi na nguchiro, tumbo limejaa hata anatembea upande.

Baraza likakaa mara ya pili. Nguchiro Mkuu akasema, "Hawa kanga wana makelele. Wakiona kivuli, ke-ke-ke! Wakisikia jani, ke-ke-ke! Tunataka wanyamaze, tulale."

Nguchiro wanne wakaenda juani. Kanga wanne wakabaki kivulini. Kidari akajikung'uta mbawa, akaenda juani. Safari hii hata hakwenda taratibu.

Watano kwa wanne. Kanga wakakatazwa kupiga kelele, nao kelele ndiyo silaha yao pekee!

Bi Sikitu akaenda tena kwa mwenyekiti, manyoya yamemsimama.

"Mzee, mfukuzeni."

"Polepole, binti. Mtoto akinyea kiganja, hakikatwi."

"Hakikatwi, mzee, lakini kinaoshwa! Nyinyi hamkioshi wala hamkikati. Mnakula nacho!"

Wakubwa wakaguna. Mmoja akasema huyu mama hana adabu. Mzee Kishungi akauliza, "Tuko wangapi barazani?" Wenzake wakaitikia, "Watano! Tumetimia!" Kikao kikaishia hapo.

Tangu siku hiyo Bi Sikitu hakutulia. Akilala, anaamka. Akila, chakula hakishuki. Anageuza mayai, anachungulia nje, anageuza tena. Kisha asubuhi moja akasikia kitu chini ya kifua chake. Kop, kop. Vifaranga walikuwa wanagonga maganda kwa ndani.

Na asubuhi hiyohiyo habari ikapita kichakani: leo nguchiro wanaomba njia zikatwe katikati ya miiba, apite kila anayetaka.

Lo! Afanyeje? Akiondoka, mayai yatapoa. Akikaa, mayai yataliwa. Akayafunika kwa majani, akatoka mbio.

"Mzee Kishungi, shikamoo, nisikilize, sina muda. Kidari akiwepo, sisi tunakuwa wanne na wao wanakuwa watano. Kidari asipokuwepo, sisi wanne, wao wanne. Wakilingana, jambo linatupwa. Mfukuze sasa hivi, watoto wangu wapone!"

Mzee Kishungi akainama. Akatazama vidole vyake vya mguu, akavihesabu. Hesabu aliiona, msimsingizie ujinga. Lakini akasema, "Na huko nje watasemaje? Kwamba kanga wamebaki wanne, sawasawa na nguchiro? Kwamba chama chetu kimevunjika mikononi mwangu? Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

"Iweke popote, mzee! Watoto wanagonga!"

"Usihangaike, binti. Tumeshapata dawa. Leo tunampa cheo, awe makamu wangu. Akishaheshimiwa atatulia."

Kidari akapewa umakamu. Akashukuru, machozi yakamlengalenga. Baraza likakaa mara ya tatu. Makamu wa mwenyekiti akajikung'uta mbawa, akaenda zake juani.

Watano kwa wanne.

Nguchiro hawakungoja hata baraza livunjike. Wenzao walikuwa tayari wamekaa ukingoni mwa kichaka, meno nje, wakaingia wakikata miiba. Bi Sikitu alikimbia, akaruka, akakimbia tena, miiba ikamchana. Alipofika alikuta majani yametawanyika. Yai moja moja alilitafuta. Alikuta maganda kumi na manne, na unyoya mdogo mmoja uliolowa.

Alilia, wenzangu. Kina mama wa kichaka kizima walikuwa wanalia, na walilia chinichini, kwa kuwa kelele zilikuwa zimekatazwa.

Kisha Bi Sikitu akasimama. Hakwenda kwa mwenyekiti. Akaelekea mlimani, kwenye miiba mingine. Mama mmoja akamfuata, wa pili akamfuata, na wa tatu, mpaka mstari ukawa mrefu na kichaka kikabaki kitupu.

Kidari alipoona hivyo akavuka kijito, akawaambia nguchiro, "Mimi nimekuja kukaa kwenu."

Nguchiro Mkuu akamtazama. "Nyuma yako yuko nani?"

"Hakuna. Niko peke yangu."

"Kanga mwenye watu tunamlisha kumbikumbi," akasema Nguchiro Mkuu. "Kanga asiye na watu ni kitoweo." Wakamla, na kile cheo chake kipya.

Mzee Kishungi, habari za kina mama kuhama zikamfika. Akatoka mbio kuufuata mstari, kishungi kimelala, pumzi zimemwisha. "Bi Sikitu! Mama! Waambie wenzako warudi! Nimekata shauri, Kidari namfukuza leo hii!"

Bi Sikitu akageuka. Hakumwamkia.

"Ungemfukuza jana," akasema, "leo ningekuwa nakwenda na watoto kumi na wanne."

Akageuka, akaendelea na safari yake.

Basi, nyinyi mnaosikiliza, na hasa nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia: anayemlea msaliti kwa kuogopa kupungukiwa na mmoja, mwisho hupungukiwa na wote. Na anayelipia uoga wa mkubwa si mkubwa. Ni yule mwenye mayai.

Ngano yangu nimeifikisha hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu niachieni mimi, nimeshauzoea.