Diski ya Kuwingia Ndege

Mbonea alikuwa na shamba la mpunga, mke mwema, na kinyongo. Shamba alilipalilia kwa msimu, kinyongo alikipalilia mwaka mzima. Aliyemwekea kinyongo hicho ni baba yake mwenyewe, marehemu mzee Kajiru, na ushahidi wake wote ulikuwa ndani ya simu, mahali anapoweza kuutazama kila moyo ukimuuma.

Mambo yalianza hivi. Huko kwao, chini ya milima ya Upare, watu hunywesha mashamba kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa la wote. Mbonea alipotaka kumwoa Nanzia, baba wa binti huyo alikuwa amefungulia maji katika zamu isiyo yake, na mpunga wa mzee Kajiru ukanyauka. Mzee alikasirika sana. Alikuwa mtu mgumu, ambaye hakumvulia kofia mkuu wa wilaya wala daktari; aliivua mbele za Mungu tu. Akasimama pale ndivani, watu wote wakisikia, akasema kwamba miguu yake haitakanyaga ukumbi wa harusi hiyo. Na neno lililosemwa ndivani halirudishwi. Harusi ikafungwa, pilau ikaliwa, kiti cha baba wa bwana harusi kikabaki kitupu. Kabla mpunga wa mwaka ule haujavunwa, mzee akafa.

Mama yake Mbonea alijaribu kumwambia. "Baba yako alikuja, mwanangu. Siku ile alirudi koti linanuka moshi wa pilau." Mbonea akamjibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kuhukumu: "Mama, mkanda wote nimeutazama. Hayumo."

Na kweli alikuwa ameutazama. Mpiga picha wa harusi ile alikuwa amefanya mambo mawili. Aliiweka video mtandaoni, kisha akawapa maharusi diski moja ndani ya kasha lenye maua. Kwa mtandao tusiwe wachoyo wa shukrani: dada yake Nanzia, aliyekuwa na kichanga huko Mtwara asiweze kusafiri, aliiona harusi, akapiga vigelegele peke yake jikoni. Lakini Mbonea kila alipoifungua simuni alichagua picha ya chini kabisa, ile ya kuokoa bando. Video ikipitishwa njia nyembamba hupunguziwa mzigo, na kinachoachwa kwanza ni vile vitu vidogo vya gizani, ambavyo hudhaniwa hakuna atakayevikosa. Kwa hiyo uso wa Nanzia ulikuwa bonge la weupe lisilo na macho. Nyuma ya ukumbi, kwenye mlango wa wapishi, palikuwa na weusi uliokatikakatika miraba miraba, ikitambaa kama siafu. Mbonea hakujali. Alikitafuta kile kiti kitupu, na kiti kilionekana vizuri hata kwa picha mbovu. Akikiona, alizima simu.

Diski aliidharau. Nani siku hizi anahangaika na diski, alisema, na kila kitu kiko mtandaoni? Basi mpunga ulipoanza kushika punje na ndege wakaja makundi kwa makundi, alikusanya diski zote za nyumbani, za nyimbo, za mahubiri, za filamu za ngumi, akazitunga kwenye kamba na kuzitundika juu ya shamba. Wakulima wa huko ndivyo wanavyowinga ndege. Jua likizipiga, zinamemeta na ndege wanaogopa. Katika kamba ya mwisho aliifunga ile ya harusi. Nanzia aliiona ikining'inia pale, ikamuuma. Alinyamaza, kwa sababu alimjua mumewe, na alijua kwamba hapo hakikutundikwa kisahani tu.

Juma hilohilo ndugu walikubaliana walijengee kaburi la mzee. Kwa desturi yao jiwe la kwanza huwekwa na kifungua mimba. Akikataa, hakuna mwingine anayeruhusiwa kuligusa, na kaburi hubaki kifusi kinacholiwa na mvua mpaka lisijulikane. Kifungua mimba alikuwa Mbonea. Akakataa. Alisema, "Yeye hakusimama harusini kwangu. Mimi sitasimama kaburini kwake." Wadogo zake walimsihi, mchungaji akamsihi, mama akalia. Wapi! Aliyelala hamwamshi aliyelala, na aliyekasirika hamtulizi mwenziwe. Nyumba nzima ilikuwa imechoka. Ikabidi aitwe shangazi Nakiete, dada wa marehemu, atoke Lushoto aje kumbembeleza.

Shangazi huyo hakuwahi kuiona harusi, maana siku ile miguu ilikuwa imemvimba. Na kwa watu wale, mgeni ambaye hakuwahi harusi hapewi nafasi ya kusema kilichomleta mpaka ale, ashibe, aonyeshwe mkanda. Kwa hiyo baada ya chakula Mbonea alitoa simu, kwa adabu, ingawa alijua mgeni amekuja na nini mdomoni. Lakini mvua ya jana ilikuwa imeuangusha mnara wa simu. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Shangazi akakitazama sana, mwishowe akasema, "Mwanangu, harusi yenu ni ya kuzunguka tu? Mtaoana saa ngapi?"

Hata mama alicheka. Nanzia hakucheka. Aliinuka bila kuaga, akaenda shambani, akaifungua diski kwenye kamba. Ilikuwa na maji ya mvua na mavi ya ndege. Aliiosha kwa sabuni, akaifuta kwa upindo wa kanga, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, kama mtu anavyomfuta mtoto uso. Deki ilikuwa chini ya runinga, imefunikwa kitambaa cha kufuma na kugeuzwa meza ya ua la plastiki. Akaliondoa ua, akaiweka diski. Mwanzoni ilikwama kidogo, kisha ikapita.

Mbonea alijiandaa kuchoka. Badala yake akajikuta anasogea mbele. Kumbe gauni la Nanzia lilikuwa na ushanga mdogo mdogo, punje kwa punje! Kumbe msimamizi wake alikuwa ametoka jasho mpaka shingoni, na kanga za mashangazi wa upande wa pili zilisomeka herufi zote! Aliona midomo ya Nanzia ikitetemeka kabla ya kusema ndiyo. Miaka hii yote alidhani mkewe alijibu bila woga. Akamshika mkono mbele ya shangazi, jambo ambalo huko halifanywi, na hakuna aliyemkemea. Moyo wake ulijaa shukrani ambayo hakuwa ameitafuta.

Ndipo kamera ikageukia mlango wa wapishi. Lilikuwa giza lilelile, lakini safari hii giza lilikuwa na vitu. Palikuwa na sufuria zimepandana. Palikuwa na mwiko ukutani na gunia la mkaa. Palikuwa na kizingiti, na nje ya kizingiti, nusu katika moshi, alisimama mtu aliyevaa koti. Ncha za viatu vyake zilikigusa kizingiti wala hazikukivuka. Maharusi walipopita karibu wakicheza, Mbonea akiwa ameinua kichwa kwa majivuno asione kitu, mtu yule alivua kofia, akaishikilia kifuani, akainamisha kichwa. Alibaki hivyo mpaka walipokwisha kupita. Kisha akajifuta machozi kwa kofia hiyo.

Shangazi Nakiete akanyoosha kidole.

"Huyo mlangoni ni kaka yangu," alisema, "na kofia kaivua."

Mbonea aliomba irudishwe nyuma. Ikarudishwa. Akaomba tena. Kisha akalia kwa kishindo kama mtu mzima asiyezoea kulia. Mama yake angeweza kumwambia, si nilikuambia? Hakusema. Alisogeza kiti chake karibu, akamwekea mkono mgongoni, wakatazama pamoja. Naye shangazi hakulitoa lile neno alilosafiri nalo kutoka Lushoto. Aliomba chai.

Siku ya kujengea kaburi Mbonea alifika wa kwanza. Watu wa ukoo wa Nanzia nao walikuja, na baba mkwe wake, yule wa maji, alibeba ndoo ya mchanga kichwani. Mbonea aliinama akaliweka jiwe. Kisha akavua kofia, akaishikilia kifuani, akabaki hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Alimshukuru Mungu kwa ajili ya mpiga picha ambaye hakuona haya kuelekeza kamera kwenye mlango wa jikoni. Akashukuru kwa ajili ya mke aliyejua kamba ya kufungua, na kwa ajili ya mvua iliyouangusha mnara. Zaidi ya yote alishukuru kwa ajili ya baba aliyetimiza neno lake kwa miguu, kisha akasimama kwenye moshi ili mwanawe asioe bila baraka ya mzazi. Pale shambani, mahali pa ile diski, alitundika mfuniko wa sufuria. Ndege waliuzoea upesi wakala mpunga kiasi chao, na mwaka ule hakuwagombeza.

Ndugu zangu, mtandao haukumwongopea Mbonea. Aliuomba picha ndogo, nao ukampa ndogo, ukamwonyesha kiti kitupu kwa sababu hicho ndicho alichokuwa anakitafuta. Picha nzima ilikuwa mali yake tangu siku ya harusi. Alipewa mkononi, ndani ya kasha la maua, akaenda kuitishia ndege.

Basi wewe unayesema hukupendwa, mkanda wako uliutazama kwa picha ipi?