Sarota na Majike Waliotangulia

Acheni kutafuna, enyi mlioketi. Habari hii haisimuliwi kwa watu wenye chakula mdomoni. Zamani za mababu wa mababu zetu, watu wa Isare walipokuwa hawajajua jembe wala zizi, alizaliwa Sarota mwana wa Mahemba, mjukuu wa Nyantito muua chui, fahali wa nyika, aliyemvunja mbogo shingo kwa mikono mitupu na kukimbia sambamba na nyumbu hata nyumbu akachoka yeye.

Lakini hakuheshimiwa kwa nguvu hizo. Kila mwaka, kabla msimu wa kuwinda haujafunguliwa, alikwenda kusini peke yake kuwapeleleza nyumbu wanaohama, na alikwenda bila upinde wala mkuki, kwa kuwa alisema mwenye silaha haoni kundi, huona nyama tu. Akawawekea watu mwiko: mshale usitoke kabla hajarudi, na majike wakongwe wanaotangulia wasiguswe, maana wao ndio wanaokijua kivuko cha mto, na maelfu walio nyuma hufuata nyayo zao. Kwa mwiko huo watu wa Isare walikula, wakanenepa, wakaanza kujiona wajanja.

Ukaja mwaka wa ukame. Sarota alipoondoka kwenda kupeleleza alimwacha mwanawe wa pekee, Nyabise, ambaye kwa njaa hakuweza tena kusimama, mikononi mwa Makuru, mdogo wake Sarota.

Huko kusini moto ulikuwa umeteketeza majani, na nyumbu wakazunguka bila kujua pa kupita. Sarota akalala kifudifudi majivuni, upepo ukimpiga usoni ili wasimnuse, akingoja majike wapate njia. Ndama walipita karibu naye, ndama ambao angeweza kumnyonga mmoja na kukimbia naye nyumbani kwa mwanawe. Lakini angeinuka, kundi lote lingegeuka. Alimkumbuka Nyabise akalia, shujaa yule, wala hakuinuka.

Nyumbani watu walikuwa wameanza kunung'unika kwamba mpelelezi amekawia. Makuru akasimama mbele yao, akasema, "Mla ni mla leo; mla jana kala nini? Kaka yangu ameshiba huko, ndiyo maana harudi." Wazee wawili watatu wakautaja mwiko, wakachekwa. Mwenye njaa hana miiko. Wakachukua pinde wakajificha kivukoni, na majike wa mbele walipoingia majini, wakawapiga wote.

Kundi lililofuata likasimama, likakoroma, likageuka. Vumbi likaelekea mashariki mchana kutwa, na Sarota aliyekuwa akija nyuma yao akajua yaliyotendeka kabla hajaona damu.

Aliwakuta wakichoma nyama na kuimba. Akamchukua mwanawe akamlisha mchuzi kidogo kidogo, naye Nyabise akafumbua macho. Lakini nyama ile iliisha upesi, na nyuma yake hakuja nyumbu hata mmoja. Njaa ya pili ikamchukua Nyabise. Baba yake akamzika kwa mikono ile ile iliyovunja shingo ya mbogo.

Ndipo, bila haya, watu wakaja kaburini kumwomba aende tena kupeleleza, Makuru akiwa mbele yao amepiga magoti. Sarota akanena, nayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwetu: "Mlitaka ya leo, mmeyala. Ya kesho mliyaua kivukoni wenyewe. Mimi sina tena macho ya kuwatazamia."

Akashika njia ya mashariki waliyopita nyumbu, mikono mitupu. Hakuna aliyemwona tena, hai wala mfu.

Waliobaki walifuata nyayo zake, kwa kuwa hawakuwa na pengine pa kwenda, na nyayo ziliwafikisha katika nchi hii tunayoikalia, yenye maji na nyumbu. Yeye hawakumkuta. Tangu hapo hakuna kwetu anayemgusa jike anayetangulia, hata watoto wake mwenyewe wakifa njaa, na wamekufa wengi.

Tukajiita Wasarota, tukaapa kwa jina lake, tukawaringia majirani. Lakini mtoto akiwauliza mwambieni ukweli: Sarota hakuacha mzao. Sisi sote ni wana wa Makuru.