Nyumba ya Nassoro na Nambari Ndogo

Hapo zamani, na zamani yangu si ya mbali, ni ya juzi tu, usinitolee macho, palikuwa na vijana watatu pale Makorora, Tanga, waliocheza mchezo wa kujenga kwenye kompyuta. Walikuwa wamejenga mji mzima. Barabara, soko, msikiti, hata kituo cha polisi, ingawa polisi hakuna.

Nyie mnaosema michezo ni ya watoto, nyamazeni kidogo. Mchezo ule ukiuchukua ulivyo, ni mkavu. Basi watu huko na huko hutengeneza viongezeo: huyu milango, yule matofali, yule mbuzi. Ukivikusanya vikakaa pamoja bila kugombana, hicho ndicho kifurushi. Na kifurushi kina nambari ya sehemu tatu. Ikibadilika ya mwisho, hiyo ndogo, ni marekebisho madogo, ingia ucheze. Ikibadilika ya kwanza, hiyo kubwa, simama! Kuna kitu kimetolewa. Mji unafungwa mpaka itolewe nakala yake ya akiba.

Shemdoe kazi yake kukusanya viongezeo. Mwanakombo kazi yake kutoa nambari na kuwatangazia wachezaji. Hilali, mwenye kibanda cha kompyuta, kazi yake kujaribu kifurushi na kuweka nakala ya mji.

Zamani walikuwa wanne. Wa nne, Nassoro, alifariki. Lakini kabla hajafa alimjengea mama yake nyumba ndani ya mji ule, ile aliyomwahidi siku akipata kazi: paa la vigae vyekundu, baraza pana, jiko lenye dirisha kubwa. Kila Ijumaa baada ya swala mama yake, Bi Zuhura, alikuja kibandani. Walishamfundisha vitufe. Anaingia, anapanda ngazi, anakaa barazani kwa mwanawe, analia kidogo, anacheka kidogo, anaondoka. Nyumba nyingine ya Nassoro hana.

Siku moja mchezo ukaanza kuzimika hovyo. Shemdoe akatafuta, akakuta kasoro iko kwenye kiongezeo cha matofali na vigae, ambacho mtengenezaji wake keshakitelekeza. Akakitoa. Akamwambia Mwanakombo, "Nimetoa kimoja kibovu, sasa mambo shwari." Hakusema kipi. Wala hakukumbuka kwamba Nassoro peke yake ndiye aliyejengea matofali na vigae vile.

Mwanakombo alijua nambari ya kwanza lazima ibadilike. Lakini akawaza: nikitoa nambari kubwa, mji utafungwa, na kesho Ijumaa, Mama Nassoro atakuta mlango umekomewa. Moyo ukamuuma. Akabadilisha ya mwisho.

Hilali akaona nambari ndogo. Akajaribu kifurushi kwenye mji mpya, mtupu, kikaenda vizuri. Nakala hakuweka. Nakala ya zamani? Alishaifuta apate nafasi kwenye kompyuta.

Haya. Mchezo ule una tabia mbaya: kiongezeo kikitolewa, vitu vyake havipotei papo hapo. Vinabaki mpaka mtu afike pale. Akifika tu, vinafutika, na havirudi tena. Sasa nani alifika?

Bi Zuhura.

Ijumaa ile, ndani ya mchezo, alitembea mpaka mlangoni. Paa likatoweka. Kuta zikafuata. Ikabaki ngazi inayopanda hewani. Mama wa watu akaondoa mikono kwenye kibodi kama kaungua.

"Yarabi! Nimebonyeza nini, wanangu? Nimeivunja nyumba ya Nassoro!"

"Si wewe, mama," akasema Shemdoe. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyetoa vigae, na sikumwambia mtu."

"Muongo huyo," akasema Mwanakombo, machozi yanamtoka. "Yeye alitaka mchezo usizimike. Mimi nilijua nambari ya kweli nikaweka ya uongo. Ningesema kweli, ungekuta mji umefungwa na nyumba iko salama ndani."

"Nambari ingekuwa ya uongo mara mia, nakala ingetuokoa," akasema Hilali. "Nani aliifuta? Nani alijaribu kwenye mji mtupu kwa uvivu wake? Ni mimi, mama."

Bi Zuhura akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Naikumbuka chumba kwa chumba," akasema. "Aliyeivunja atakaa kwenye kiti hiki aijenge upya, kwa matofali yoyote yaliyopo, mimi pembeni namwelekeza. Mmoja tu. Nassoro aliijenga peke yake, sitaki iwe nyumba ya kila mtu. Na huyo mmoja, kila Ijumaa atakula kwangu, kwenye sahani ya mwanangu."

Jamani! Adhabu gani hii ya kugombaniwa? Shemdoe akasema, "Mimi, mama." Mwanakombo akasema, "Mimi, mama." Hilali akasema, "Mimi, mama." Na kiti ni kimoja.

Mke wangu anasema Mwanakombo, mimi nasema hapana, tumenuniana tangu jana. Haya, nyie wajuaji: aliyetoa bila kusema, aliyedanganya kwa huruma, au aliyefuta nakala? Bi Zuhura yupo pale, kavuta kigoda chake karibu, anangoja wa kukaa kitini, ili amwonyeshe mlango ulikuwa wapi. Je, nani alistahili kukaa?