Wapiga Kura Mia Tisa wa Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kwa unyonge? Haya, hata mimi nimechoka. Sogeeni tu.

Palikuwa na Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, asiye na hata mkia. Alihamia ng'ambo ya mto kutafuta maisha, maana bonde la kwao lilitawaliwa na Fisi, na kisima cha bonde Fisi alikinywa peke yake. Wengine walilamba umande.

Kila uchaguzi Pimbi alitega sikio huko ng'ambo. Nani kashinda? Fisi. Uchaguzi wa pili, nani kashinda? Fisi. Wa tatu? Jamani, Fisi! Uchaguzi wa nne akajisemea, "Mara hii nakwenda mwenyewe. Fisi akianguka, narudi nyumbani moja kwa moja. Akishinda, basi tena." Akafunga virago vyake vyote, akashika njia, tifu, tifu, tifu, siku tano.

Akafika, akapanga foleni juani. Karani alikuwa Kunguru.

"Pimbi?" Kunguru akapekua daftari. "Umeshapiga kura."

"Mimi? Ndiyo kwanza nafika!"

"Umeshapiga, tangu asubuhi. Umempigia Fisi. Hata uchaguzi uliopita ulimpigia Fisi. Wewe ni mpiga kura hodari sana."

"Na Kobe, aliyekufa mwaka wa njaa?"

"Naye hodari."

Pimbi akakaa chini. Hakulia, hakupiga kelele. Alichoka tu, uchovu ule unaomfanya mtu acheke.

Matokeo yakatangazwa: Fisi, kura mia tisa. Na bonde zima lina wanyama mia mbili, ukihesabu na walio tumboni!

Sasa, huko kwao kulikuwa na desturi. Mshindi huruka kutoka juu ya jabali, na waliomchagua husimama chini topeni, wakamdaka, wakambeba juu juu kwa nyimbo. Siku zote Fisi alidakwa na ndugu zake sita.

Pimbi akamsogelea. "Mheshimiwa, mshindi wa kura mia tisa anadakwa na fisi sita? Walimwengu watasemaje? Ndugu zako wakae pembeni. Waitwe waliokuchagua!"

Fisi hajawahi kukataa nyongeza. Akachekelea. "Waitwe!"

Kunguru akasoma. "Kobe!"

"Yupo!" akaitikia Pimbi.

"Swala!" Swala naye alihama zamani.

"Yupo!"

"Pimbi!"

"Yupo! Yupo!"

Majina yakaitwa, Pimbi akaitikia, mpaka sauti ikamkauka. Fisi, juu ya jabali, akachungulia chini. Tope tupu.

"Mbona siwaoni?"

"Huwaoni, Mheshimiwa? Kwa hiyo hawapo?"

Fisi akapiga hesabu. Akisema hawapo, hana kura. Akisema wapo, lazima aruke.

"Nawaona," akasema Fisi. "Wako wengi mno."

Akaruka. Pwaaa! Tope likamla mpaka masikioni. Wanyama wakacheka, wakagaragara, wakashika mbavu. Pimbi akavisikiliza vile vicheko, akadhani huo ndio mwisho wa Fisi. Akafungua virago.

Asubuhi akakuta foleni ndefu. Wale wale waliocheka, kila mmoja na kibuyu chake cha umande, wanakwenda kumwosha Fisi. Na katikati ya foleni amesimama mama yake.

"Mama! Na wewe?"

"Mwanangu," mama akasema bila kumtazama, "jana ulituchekesha, Mungu akubariki. Lakini wewe una pa kwenda."

Pimbi akampokea mama kibuyu, akamshikia mpaka zamu yake ikafika. Kisha akafunga tena virago, akashika njia ya mtoni.

Fundisho lake? Watoto wangu, mkihamia mbali msihangaike kurudi kupiga kura. Tulieni huko huko. Kura yenu iko salama, nasi huku tutaipiga mapema, kabla jua halijawa kali.

Ngano yangu imekomea hapo. Ikiwa tamu, tuilambe sote. Ikiwa chungu, msinilaumu mimi: daftari linasema mliichagua wenyewe.