Nguchiro na Walimu Wawili wa Mikate

Sikilizeni, watoto. Hapo kale sana, wanyama walipokuwa wakiajiriana kama sisi, Nguchiro, mjane mwenye watoto wadogo, alipata kazi katika tanuri la mikate la Mzee Tembo.

"Keshokutwa utaoka mikate ya harusi ya Twiga," Tembo akamwambia. "Ikiharibika, kazi huna."

Nguchiro akamwendea Fundi Kifaru, aliyefundisha kwa desturi ya zamani.

"Fundi, unajuaje kwamba unga umekandika?"

"Nyamaza! Tazama mikono yangu. Nami nilifundishwa hivyo hivyo."

Pu! Pu! Pu! Akakanda, na mgongo wake mpana ukaziba kila kitu.

Nguchiro akakimbilia kwa Mwalimu Nyati, aliyefundisha kisasa, kwa picha ukutani na mtihani.

"Mwalimu, naomba nikande kidogo."

"Lo! Kugusa unga kabla ya mtihani? Kaa, kariri!"

Masikini Nguchiro! Machozi yakamlengalenga. Mara akapata wazo, akarudi kwa Kifaru.

"Pole, Fundi. Huko darasani wanasema una mikono tu, maneno huna."

"Mimi?" Kifaru akafoka. "Sikiliza! Maji yawe vuguvugu. Donge likivutika bila kukatika, liache. Lifunike, liumuke..." Akaeleza mpaka pumzi ikamwishia.

Nguchiro huyooo, kwa Nyati!

"Mwalimu, jikoni wanasema unga unaujua kwenye picha tu."

"Ati nini? Njoo hapa! Shika! Kanda! Siyo kwa vidole, kwa kiganja!" Wakakanda mpaka pembe za Nyati zikawa nyeupe pe.

Siku ya harusi mikate ikatoka imeumuka, inanukia. Tembo akala mmoja, akaongeza mwingine.

"Nani kakufundisha?"

"Fundi Kifaru na Mwalimu Nyati."

Wote wawili walikuwapo miongoni mwa wageni. Kifaru akamgeukia Nyati. "Si ulisema sina maneno?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyesema siujui unga!"

Kisha wote wawili wakamgeukia Nguchiro.

Nguchiro akapiga magoti. "Nisameheni, wakubwa wangu, nilizua. Lakini kazi imebaki yangu kwa sababu yenu. Maneno yale, Fundi, ningeyapata wapi? Na nani mwingine, Mwalimu, angenishika mkono? Ahsanteni. Ahsanteni sana."

Kifaru akajifuta macho, akisingizia moshi. Nyati akaangua kicheko. "Kesho tunafundisha pamoja," akasema, "mimi na huyu mzee."

Basi jueni, wanangu: kazi hufundishwa kwa mdomo na kwa mkono, na aliyefundishwa hushukuru vyote viwili.