Taa za Pikapu ya Shekiondo

Gari tupu halipimwi taa. Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo mchana, wageni wa posa walipoondoka, nanyi mkaangua kicheko: posa na taa za gari wapi na wapi? Haya, mkishamaliza kucheka, kaeni. Mwanzo wake ni huu.

Huko milima ya Usambara palikuwa na dereva, Shekiondo, mwenye pikapu kuukuu ya kubebea kabichi. Alipakia alfajiri kungali giza, akateremka nazo sokoni Mombo, na jioni akarudi na gari tupu, mgongo umekufa ganzi. Kazi ilimchosha, lakini matusi yalimchosha zaidi. Kila gari alilopishana nalo kwenye kona lilimpigia honi. "Shusha taa zako, unatupofusha!" Naye alikuwa ameshazishusha.

Kwa hiyo kila jioni, badala ya kunawa akala, aliegesha pikapu kuelekea ukuta wa jiko, mahali palipo sawa, akawasha taa. Ukutani mkewe, Nakijwa, alikuwa amechora mstari wa mkaa, chini kidogo ya kimo cha taa. Shekiondo alichutama na bisibisi, akakaza skrubu hapa, akalegeza pale, mpaka mwanga ukatulia kwenye mstari. Akaridhika, akalala. Asubuhi, matusi yale yale.

Alfajiri moja aliyepofushwa alikuwa Mbaruku, kaka yake Nakijwa, akipanda mlima na pikipiki yake. Alitumbukia mtaroni, mguu ukavunjika. Shekiondo aliapa kwamba taa alizipima jana yake tu, na zilikuwa sawa. Nani amwamini? Ndugu wa Nakijwa wakasema ajali ni ajali, haina mwenyewe, lakini mtu anayekana mchana kweupe si wa kukaa na binti yao. Wakatuma salamu kwamba Ijumaa wangekuja kumchukua. Nakijwa wakati huo alimuuguza kaka yake pale pale nyumbani kwake, akampikia yeye na mumewe, na hakumlaumu yeyote. Alikuwa amechoka mno hata kulia.

Alhamisi mvua iliporomosha udongo barabarani. Shekiondo alishinda kwenye foleni kutwa, kisha akageuza na kabichi zake zote. Alifika nyumbani magharibi, akaegesha pale pale pa siku zote. Angepaswa kushusha mzigo kwanza, lakini mikono iligoma. Akawasha taa kwa mazoea tu, akaketi chini akiiwaza Ijumaa.

Mbaruku alikuwa ukutani kwenye kiti, mguu juu ya kigoda. Alijifunika uso ghafla.

"Zima! Ndiyo taa yenyewe hiyo iliyonitia mtaroni!"

"Sijaigusa, shemeji," Shekiondo alisema kwa unyonge. "Ni ile ile ya jana. Jana ulikaa hapo hapo, ikakukomea kifuani."

Nakijwa akatoka na mwiko mkononi. Akautazama mstari wa mkaa, uko gizani, mwanga umepanda juu yake. Akaitazama pikapu: nyuma imelalia springi, pua imeinuka.

"Baba Zuhura, lini umewahi kuzipima ukiwa na mzigo?"

Shekiondo akageuka kuutazama mzigo. Jioni zote zile, bisibisi yote ile, na hakuna aliyepata kupofushwa na gari tupu! Hakujua acheke au alie.

"Basi hukusema uongo," Mbaruku alisema polepole. "Ulipima kweli, shemeji. Ila gari tupu halipimwi taa."

"Wala mtu," akadakia Nakijwa. "Huyu jioni akikaa mkekani hapa ni mpole kama maji mtungini. Akipakia kabichi alfajiri, hata salamu yangu haijibu."

Wakacheka wote watatu, mara ya kwanza tangu mguu uvunjike. Kisha Shekiondo akachutama tena, mzigo ukiwa juu, na Mbaruku akawa ndiye kipimo, mpaka aliposema, "Hapo. Sasa nakuona."

Ijumaa wazee walipofika, aliyewalaki mlangoni ni Mbaruku mwenyewe, na fimbo yake. Aliwaonyesha ukuta, akawaonyesha pikapu. Hawakuondoka na binti yao. Waliondoka na kabichi, kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake, maana barabara ilikuwa bado imefungwa, na zingeozea pale.

Sasa huyo mchumba mnayemsifu. Amekuja kaoga, kakalishwa kwenye kochi, kalishwa pilau, akatabasamu. Ni mpole, sikatai. Shangazi yenu anataka kumwona siku ana njaa, kazi imemshinda, na ndani kuna mgonjwa. Huko ndiko dada yenu atakakoishi naye, si kwenye kochi.

Mimi nimechoka, naenda kulala. Gari tupu halipimwi taa.